Mtoto wa Gusii aliingia vitabuni kabla ya kuingia katika sera

Watafiti wa Marekani walianza kumchunguza mtoto wa Gusii miaka mingi kabla Serikali ya Kenya haijamkumbuka katika sera zake za afya ya akili. Kati ya 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine waliishi huku wakitazama malezi katika jamii waliyoiita Nyansongo. Kazi yao ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa uliolinganisha watoto wa hapa na wenzao wa India, Mexico, Ufilipino, Okinawa na Marekani.

Waliyoyaona hayatamshangaza mzee yeyote wa Masimba, hapa Kisii. Mama yuko shambani na jembe lake. Kitoto kimebebwa na omoreri, mlezi ambaye naye ni mtoto, pengine wa miaka saba au minane. Kikilia, mbio kinapelekwa kwa mama kunyonyeshwa. Hata hivyo, watu wazima hawakuwa na maneno mengi kwa mtoto, sifa alipewa kwa nadra, na mtoto mwema alikuwa yule anayetumwa akaenda. Robert LeVine alirudi Gusii miaka ya 1970, na kitabu kilichotoka 1994 kikawalinganisha akina mama wa hapa na wale wa Boston. Alikataa kuwaita wa huku wabaya. Alisema kila upande unalea kulingana na hatari unazozijua. Hilo ni la kushukuru, maana mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kijitabu cha J.C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kilichomfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo.

Serikalini, safari ilikwenda polepole. Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kuwafungia watu wazima walioonekana kuwa wendawazimu. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimwona aliye chini ya miaka 16 hasa kama mgonjwa anayeletwa wodini na mzazi au mlezi wake. Huzuni ya darasani na hofu ya bwenini ziliachiwa walimu. Ripoti ya Gachathi kuhusu elimu, ya 1976, ilikuwa imehimiza ushauri nasaha shuleni, lakini kazi hiyo kwa kawaida ilibebeshwa mwalimu mwenye vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha.

Kisha shule zikaanza kuwaka. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa mwaka 2001. Juni 2016 moto uliteketeza mabweni ya shule ya Itierio, hapa hapa Kisii. Kila mara ziliundwa kamati, zikapendekeza ushauri nasaha, na simu za mkononi na nidhamu zikalaumiwa. Kwa maoni yangu, swali la mtoto mwenyewe anapitia nini lilifika likiwa limechelewa sana.

Majibu yalianza kupatikana hivi karibuni. Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030 iliwataja watoto na vijana miongoni mwa makundi yanayohitaji uangalizi. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilitaka afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Utafiti wa kitaifa uliofuata ukaonyesha kwamba asilimia 44.3 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo fulani la akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walikuwa na ugonjwa kamili. Sheria ile ya 1989 ilirekebishwa 2022, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma. Januari 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha kifungu cha sheria ya jinai kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Kabla ya hapo, msichana aliyeokolewa kutoka kitanzini angeweza kutoka hospitalini akaingia seli.

Jirani yetu Uganda ilitutangulia kwa jambo moja: mwaka 2017 ilitoa mwongozo wa sera wa watoto na vijana peke yao, badala ya kuwachanganya na watu wazima.

Kwa mkazi wa Masimba, hospitali ya rufaa bado iko mjini Kisii, safari ya matatu kupitia Keroka, na nauli ya mzazi na mtoto si mchezo. Ni afadhali mshauri amfuate mtoto shuleni. Tangu 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti, na sheria inataka wananchi washirikishwe katika bajeti. Basi mzazi, kikao kikiitishwa, usiulize barabara pekee. Uliza mwaka huu kaunti imetenga shilingi ngapi kwa afya ya akili ya watoto, na utake jibu kwa maandishi.