Mfahamu Burial, msanii aliyekataa kiki na lebo iliyomlinda

Albamu ikitoka, msanii huzunguka redioni, hupiga picha na kufanya shoo. Burial wa London hafanyi shoo kabisa. Mwaka 2007 alisema nje ya familia yake ni watu watano tu waliojua kwamba anatengeneza muziki.

Muziki wenyewe unatoka ukoo wa dubstep na UK garage, midundo ya London Kusini: besi nzito, ngoma za kukatika-katika, na sauti za waimbaji wa R&B zilizopandishwa na kushushwa hadi hujui anayeimba ni mwanamume au mwanamke. Kwenye "Archangel", kwa mfano, hiyo sauti ni ya Ray J.

Studio ya maana hakuwa nayo. Kazi za mwanzo alizitengenezea kwenye Sound Forge, programu ya kukata na kuunga sauti, isiyo na ile gridi ya kunyoosha mapigo. Alipanga ngoma kwa jicho. Kwa maelezo yake, zikikaa vizuri mawimbi yake kwenye skrini huonekana kama mifupa ya samaki. Ndiyo maana midundo yake inayumba kidogo, na utamu uko hapohapo.

CD zake alikuwa anazituma kwa Steve Goodman, maarufu kama Kode9, jamaa wa Glasgow mwenye PhD ya falsafa. Goodman alianzisha Hyperdub kama jarida la intaneti, na mwaka 2004 ikawa lebo. Albamu ya kwanza ya Burial ilitoka 2006 na jarida la The Wire likaitaja kuwa bora ya mwaka. Lebo kubwa ingedai sura yake iwe kwenye mabango. Hyperdub ilitoa muziki, jina ikalificha.

Balaa lilianza na Untrue, albamu ya 2007. Mwaka 2008 iliingia kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Mercury ya Uingereza, gazeti la The Sun likaanza msako wa kumtafuta. Wengine wakadai ni Aphex Twin au Fatboy Slim kajibadilisha jina. Agosti mwaka huo akajitaja mwenyewe MySpace, na picha akaweka: yeye ni William Bevan, mtu wa chini chini, anachotaka ni kutengeneza ngoma tu. Tuzo ikaenda kwa bendi ya Elbow.

Ungedhani baada ya hapo angejiachia. Wapi! Alirudi kimya, akitoa EP mojamoja: Kindred mwaka 2012, Rival Dealer mwaka 2013. Mwaka 2018 yeye na Kode9 walitoa miksi ya Fabriclive 100. Antidawn ya Januari 2022, nayo ya Hyperdub, inazidi dakika 40 na ngoma karibu hakuna. Ukiisikiliza, vaa spika za masikioni.