Watamili wa Sri Lanka Ugenini: Msiba Usio na Matanga

Wakimbizi wa Kitamili waliopata makao mapya nchini Kanada walibeba zaidi ya jeraha moja. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1981 maktaba ya Jaffna, yenye vitabu na miswada zaidi ya 90,000, ilichomwa moto. Mnamo Julai 1983, baada ya askari 13 kuviziwa na kuuawa huko huko Jaffna, makundi ya Wasinhala yaliwavamia Watamili mjini Colombo na kwingineko, yakaua na kuchoma nyumba na maduka. Vita vilivyofuata vilidumu hadi Mei 2009.

Daya Somasundaram, daktari wa magonjwa ya akili aliyewatibu raia wa Jaffna miaka ya vita, hakuridhika kulitazama jeraha hilo kama la mtu mmoja mmoja. Alionyesha kwamba jamaa na vijiji vizima vilijeruhiwa, watu wakaacha kuaminiana.

Mapokezi nayo yaliweza kuliponya jeraha au kulitonesha. Agosti 1986 wavuvi wa Newfoundland waliwaokoa Watamili 155 waliokuwa wakielea baharini katika mashua mbili. Serikali ikawapa vibali vya kukaa. Wale 492 waliofika Agosti 2010 kwa meli MV Sun Sea walitiwa kizuizini, wengi kwa miezi kadhaa, na watoto wakiwamo. Kwa mtu aliyeponea chupuchupu, kufungiwa tena si jambo dogo.

Lililo zito kupita yote, hata hivyo, ni waliopotea. Maiti huzikwa, matanga hukaliwa, kisha huondolewa. Lakini wapo waliojisalimisha kwa jeshi Mei 2009 wasionekane tena. Jamaa zao wakiwafanyia ibada ya wafu, huona kana kwamba wamewaua kwa mikono yao wenyewe. Basi husubiri, ugenini kama huko Kilinochchi, ambako tangu Februari 2017 akina mama walikaa kando ya barabara wakishika picha za watoto wao. Ni dawa gani ya zahanati itakayotibu kusubiri?

Kila tarehe 18 Mei, Watamili wa nyumbani na wa ugenini hupika uji wa mchele, maji na chumvi, chakula kilichowashikiza raia waliozingirwa Mullivaikkal. Vijana waliozaliwa ng'ambo, ambao vita hawakuviona, hupewa kikombe sawa na wazee, wakanywa pamoja nao.