Kipupwe Thika na Ruiru: matembezi matatu ya nusu siku kwa mgeni wa pwani

Kila Julai nyumba yangu ya Ruiru hupokea wageni kutoka Mombasa, na wengi hushuka garini na nguo nyepesi. Mwaka wa kwanza nilikosea. Shangazi yangu ana pumu. Kwa mazoea yetu ya pwani ya kutoka kabla jua halijawa kali, nilimpeleka kuona maporomoko saa kumi na mbili unusu asubuhi. Tulikuta ukungu na manyunyu. Kifua kikambana, akalala siku mbili, ya tatu akarudi kwao.

Sababu ni mwinuko. Ruiru na Thika ziko kama mita 1,500 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Tena Juni hadi Agosti mawingu hufunika asubuhi. Jua likitoka, mara nyingi ni karibu na adhuhuri. Basi huku kanuni hugeuka: toka saa nne, rudi kabla ya saa kumi.

Maporomoko ya Chania na Thika. Yako Thika penyewe, na Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa 1908, iko kati ya mito hiyo miwili. Huna haja ya kupanga mapema: agiza chai, uyatazame maji kutoka bustanini. Ukiwa na mzee au mtoto, anzia hapa.

Fourteen Falls. Haya ni ya mto Athi, chini ya kilomita 30 kutoka Thika kwa njia ya Garissa. Kiingilio hulipwa langoni. Miamba huteleza, kwa hivyo vaa viatu vinavyoshika, si ndara. Mto huu hubeba uchafu wa Nairobi: usioge, usinywe.

Kilimambogo. Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Jina la Kiswahili latokana na mbogo, nao wangali msituni, kwa hivyo anayepanda kwa miguu aombe askari wa wanyamapori langoni. Kilele kiko mita 2,145, na baridi huko huzidi. Ni hifadhi ya taifa; malipo ni kupitia eCitizen, si taslimu, basi lipa usiku wa kuamkia safari.

Kwa safari yoyote chukua sweta, soksi, koti la mvua na chupa ya chai ya tangawizi. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Hewa baridi huweza kuiamsha.

Shangazi alirudi Agosti ya mwaka uliofuata. Tulitoka saa nne, tukakaa bustanini pale Chania, naye kajifunika leso mbili juu ya sweta. Alikunywa vikombe viwili, kisha akauliza habari za mlima. Nimemwambia huo tungojee Disemba.