Ubaguzi wa rangi ya ngozi Asia Kusini

Ubaguzi wa rangi ya ngozi Asia Kusini ni tabia ya kuwathamini watu weupe kuliko weusi ndani ya jamii ileile, hasa Uhindi, Pakistan na Bangladesh. Chimbuko lake huhusishwa na matabaka, kazi za juani na ukoloni wa Waingereza. Wanaoumia zaidi ni wanawake: matangazo ya kutafuta wachumba yamezoea kutaja weupe kuwa sifa ya bibi arusi. Krimu ya kung'arisha ngozi ya Fair & Lovely iliingia sokoni Uhindi mwaka 1975; mwaka 2020 ikaitwa Glow & Lovely. Kampeni ya Dark Is Beautiful, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kuungwa mkono na mwigizaji Nandita Das, hupinga dhuluma hii, kwani utu haupimwi kwa rangi.