Namba ya Mtoto wa Idete

Mwaka 1993, watoto 586 wa kijiji cha Idete, bonde la Kilombero, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, waliingia katika jaribio la SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Baadhi walichomwa chanjo, wengine sindano ya kulinganishia, na mzazi hakuambiwa mwanawe kapata ipi. Mtoto akipandisha homa alipelekwa zahanati ya kijiji, na hapo mhudumu alipaswa kujua bila shaka ni yupi kati ya wale 586. Jina pekee halikutosha, kwa kuwa majina hurithiwa na watoto wengi huitwa jina moja.

Nyumba nayo haikutosha. Tangu enzi za TANU kaya zilitambulika kupitia balozi wa nyumba kumi, mpango uliowafaa watu wanaokaa mahali pamoja. Wakulima wa mpunga wa Kilombero hawakai. Msimu ukifika, familia huhamia dungu, kibanda cha shambani, na kuishi huko kwa miezi wakilinda mpunga.

Kituo cha utafiti cha Ifakara, katika bonde hilohilo, kilianza 1957 kama maabara iliyoasisiwa na Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, Uswisi. Mwishoni mwa 1996 wadodosaji wake walizunguka vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaorodhesha kila kaya na kila mtu. Kuanzia 1997 walirudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Taarifa zilihifadhiwa kwa programu ya kompyuta iliyotengenezwa awali kwa ajili ya kituo cha utafiti cha Navrongo, Ghana. Namba ya nyumba ilibaki na nyumba. Namba ya mtu ilimfuata aendako.

Miaka hiyohiyo mafundi wa mitandao ya ofisi walikabiliwa na kazi inayofanana na hiyo. Awali fundi aliandika anwani za kompyuta daftarini na kuziingiza kwa mkono, moja moja. Anwani moja ikiingizwa kwenye mashine mbili, mawasiliano yalivurugika. Oktoba 1993, Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, alichapisha utaratibu wa DHCP: seva huikopesha kompyuta anwani kwa muda maalumu, muda ukiisha huweza kuipa nyingine. Fundi akitaka mfanyakazi fulani apate anwani ileile kila siku, huifungamanisha na namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta yake. Lakini namba hiyo hutambulisha mashine tu, hivyo ofisi huongeza jina la mtumiaji na nywila.

Bondeni Kilombero hapakuwa na kadi ya namna hiyo ya kusimama badala ya mtu. Kila rekodi ilitegemea mdodosaji kufika na mama kujibu.

Matokeo ya 1994 yalionyesha kuwa SPf66 ilipunguza malaria Idete kwa asilimia 31, ingawa majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga. Rejista ya vijiji 25 ilizaa matunda zaidi. Vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilipoanza kuuzwa bondeni, watafiti waliweza kulinganisha watoto waliofariki na waliobaki hai, kwa sababu wote walikuwa wameandikwa. Mwaka 2001 walitangaza kwamba vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne.