Masika Kibaha na Kisarawe: Maji yanayotoka mbali na yanayoporomoka mlimani

MKAZI wa Mlandizi anaweza kuamka asubuhi ya Aprili akakuta jua linawaka, nguo zimekauka kambani, na huku chini bondeni mto Ruvu umepanda hadi kumeza mashamba ya mpunga. Mvua iliyoujaza mto huo haikunyesha Mlandizi. Imenyesha kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ikateremka taratibu hadi kufika Kibaha wakati wengi wanadhani hatari imekwisha.

Wilayani Kisarawe mambo ni kinyume chake. Huko maji hayasubiri. Mvua ikinyesha saa mbili kwenye vilima, makorongo yaliyokuwa makavu hugeuka mito, barabara ya udongo hukatika, na kabla ya jioni kila kitu kimekwisha kuteremkia Dar es Salaam.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zimepakana, na utabiri wa hali ya hewa huzitaja kwa pamoja. Hata hivyo, anayejiandaa kwa masika bila kujua ni maji ya aina gani yatakayomfikia hujiandaa nusu tu.

Masika katika ukanda huu ni mvua za Machi hadi Mei, na vuli ni za Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza, kisha taarifa za siku kumi na za kila siku. Kwa mujibu wa vigezo vya mamlaka hiyo, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Taarifa za hatari hutolewa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa.

Milimita 50 husikika kama kitu kidogo, pengine ndiyo sababu wengi hupuuza. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60 hupokea lita 3,000 kwa mvua hiyo ya siku moja, sawa na madumu 150 ya lita 20. Maji hayo yote hudondoka kwenye michirizi inayozunguka msingi. Yasipopelekwa mbali kwa mtaro, hulowanisha ukuta kutoka chini. Na ukuta wa udongo, au wa matofali mabichi, mara nyingine huanguka mvua ikiwa imekwisha kukatika na wenyewe wamelala.

Kwa wakazi wa Kibaha, chanzo cha hofu ni Ruvu. Mto huo huanzia Uluguru, ambako miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kikubwa kupita kile cha ukanda wa pwani. Hupokea maji ya Mgeta na Ngerengere, kisha hupita katika tambarare za Kibaha na Bagamoyo kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Tambarare hizo zina udongo mweusi wenye rutuba, na hapo ndipo penye kitendawili: shamba linalotoa mpunga mzuri kuliko yote ndilo linalozama kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wakulima wengi wa bondeni wanaifahamu. Wanaujua pia unyevu wa Juni, maji yanapoondoka na kuacha ardhi tayari kwa mboga, nao huona ugumu kuachia ardhi hiyo kwa ajili ya mafuriko ambayo huenda yasije mwaka huu. Si haki kuwaita wakaidi bila kutazama hesabu yao.

Kinachowezekana kwa anayelima bondeni ni kutolala huko. Familia zinazofuata desturi ya zamani hujenga kibanda cha kulindia ndege karibu na shamba, lakini watoto, wazee, mbegu na mavuno hubaki nyumba ya juu. Mifugo huondolewa mapema, kwa sababu ng'ombe aliyezungukwa na maji usiku hakokoteki. Jambo la kuangaliwa zaidi ni habari za Morogoro: mvua kubwa ya siku mbili au tatu mfululizo huko ni ishara tosha kwa watu wa kata kama Ruvu, Kikongo na Dutumi, hata kama kwao hakujadondoka tone. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, ndiyo inayofuatilia mwenendo wa mito ya bonde hilo.

Aidha, mto ukifurika huja na wenyeji wake. Viboko na mamba wa Ruvu huufuata ukingo mpya wa maji, ambao huenda ukawa nyuma ya jiko la mtu. Kuchota maji au kufua kwenye ukingo huo, hasa alfajiri na jioni, ni hatari.

Mto huohuo ndio unaonywesha Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Kibaha kupitia mitambo ya Ruvu Juu iliyoko Mlandizi na Ruvu Chini iliyoko Bagamoyo. Oktoba 2022 kina chake kilishuka kiasi cha kulazimisha mgawo wa maji jijini. Miezi 18 baadaye, Aprili 2024, nchi ilikuwa ikilia mafuriko. Ni kwa ajili ya kupunguza ukali wa pande zote mbili kwamba mwaka 2023 ulianza ujenzi wa bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya mto huo.

Kisarawe haina mto wa kulaumiwa. Ina vilima, mchanga, na udongo wa mfinyanzi unaoteleza kama sabuni; vilima vya Pugu vinajulikana kwa madini ya kaolini, ambayo nayo ni aina ya udongo mweupe. Wakazi wa Maneromango, Mzenga na Chole hutegemea barabara kupeleka korosho, mihogo na matunda sokoni na wagonjwa hospitalini. Kalavati moja likizibwa na matawi, maji hupanda juu ya tuta, huchimba ubavuni, na barabara huondoka. Kuzibua kalavati kabla ya Machi ni kazi ya nusu siku kwa watu wenye majembe. Kulijenga upya husubiri bajeti ya TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au ya TARURA kwa za vijijini.

Anayeumia zaidi barabara inapokatika ni mama mjamzito. Ushauri wa wahudumu wa afya kwa wanaoishi mbali ni kusogea karibu na kituo cha afya au hospitali wiki kadhaa kabla ya siku ya kujifungua, akakae kwa ndugu au katika chumba cha kusubiria pale kilipo. Kumtoa usiku kwa bodaboda katika mvua ni kumtia hatarini mara mbili.

Na maji ya Kisarawe hayaishii Kisarawe. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam na kumwaga maji yake katika bonde la Jangwani. Desemba 2011 mvua ambazo TMA ilieleza kuwa hazijapata kunyesha jijini humo kwa kiasi kile tangu mwaka 1954 ziliua takriban watu 40, na familia zilizokosa makazi zikahamishiwa Mabwepande. Kuanzia mwaka 2023 wakazi wa bonde hilo walilipwa fidia kupisha mradi wa kuliendeleza. Lakini kila gunia la mkaa linalotoka kinyemela katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, huacha kipande cha mlima kisichoweza tena kushika maji.

Vifo vingi vya mafuriko hutokea njiani, mtu anapojaribu kuvuka. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanakadiria kuwa maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 kulibeba gari kubwa kiasi. Dereva wa daladala anayeitazama njia iliyofunikwa na maji haoni kama tuta bado lipo chini yake. Mtoto wa shule anayeujua mto kwa kiangazi anaamini anaujua pia kwa masika, na hapo mzazi hana budi kumzuia nyumbani au kumsindikiza kwa njia ndefu.

Masika ya mwaka 2024 yalionyesha ukubwa wa hasara. Aprili 25 mwaka huo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kuwa mvua zilizokuwa zikinyesha nchini zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000. Mkoani Pwani, Rufiji na Kibiti ndiko kulikoumia zaidi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikapiga eneo la Mafia.

Maji yakishapungua, hatari hubadilika sura. Vyoo vya shimo hufurika au kutitia, visima vifupi huchafuka, na kipindupindu hupata njia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yale yaliyozoeleka kuwa safi. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kitolewe maji yote na kutiwa dawa kwa uangalizi wa bwana afya wa kata. Nyumba iliyolowa ikaguliwe mchana, kwa fimbo, kwani nyoka hukimbilia panapokauka. Na ukuta wenye ufa mpya unaoanzia chini usilaliwe karibu hata kama paa ni zima. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haina malipo.