Mbaraka Mwinshehe na Santuri Zake

Hapa Ndungu mwanafunzi mmoja aliniletea santuri kuukuu aliyoikuta katika sanduku la babu yake. Akaniuliza, "Mwalimu, mwimbaji huyu ni mtu wa Morogoro, mbona santuri yake imetengenezwa Nairobi?" Swali lilinipendeza, maana ndani yake mna habari kubwa ya maisha ya mtu yule.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka wa 1944, mwaka ule ule ilipoundwa bendi ya Morogoro Jazz, nayo ndiyo aliyoiingia ujanani. Mji ule ulikuwa na bendi mbili zenye kushindana. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Naye alipofariki kwa ajali ya motokaa mwaka wa 1965, Juma Kilaza akaiongoza, na mashindano yakaendelea. Mbaraka alitunga, aliimba, na gitaa la solo alilipiga mwenyewe. Wapigaji wengine hutanguliza wepesi wa vidole. Yeye huacha maneno yatangulie, ndipo gitaa liitikie, kama mtu asikilizaye kwanza kabla ya kujibu. Mwaka wa 1970 bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. (Wajapani ndio waliotusaidia baadaye kujenga mifereji ya mpunga hapa kwetu.) Mwaka wa 1973 akaiacha Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano.

Basi, mbona Nairobi? Siku zile redio ya serikali ndiyo iliyorekodi nyimbo za bendi na kuzitangaza Tanzania nzima, lakini kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo nchini. Wimbo wa redioni huleta sifa. Santuri ndiyo inunuliwayo. Aliyetaka kula kwa gitaa lake hakuwa na budi kuvuka mpaka. Hata mpaka ulipofungwa mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika, haja ile haikwisha. Asiseme mtu kwamba alikosa uzalendo: mkulima naye hupeleka mpunga wake penye mashine ya kukoboa.

Huko Kenya ndiko alikofia, Januari 1979, kwa ajali ya motokaa, umri wake miaka 34. Santuri zake zikazidi kununuliwa.

Nilipokwisha kumweleza hayo, mwanafunzi aliipangusa santuri kwa shati lake, akauliza kama gramafoni yapatikana hapa Ndungu. Nikamwambia tutaitafuta.